Nyota za mchezoni na nyota za bahari yetu



Juzi nilikuwa mgeni wa jamaa mmoja wa Mombasa anayefanya biashara hapa Xiaobei. Nilimkuta mwanawe kwenye kompyuta, anacheza mchezo wa nyambizi wa Vita vya Pili vya Dunia. Akaiibua nyambizi yake usiku wa manane, kusini mwa Maldivi, akapima kimo cha nyota ya kaskazini, kisha akaniita: "Mjomba, njoo uone! Nyota iko nyuzi moja na nusu juu ya upeo, basi na mimi niko nyuzi moja na nusu kaskazini mwa Ikweta. Nyota hazidanganyi."

Nikamwambia nyota kweli hazidanganyi, lakini mchezo wako unadanganya. Akabisha! Basi hebu niwaelezeni nilichomweleza.

Kwanza, saa. Kupima nyota kwa sekstanti kunataka uione nyota na mstari wa upeo wa bahari kwa pamoja. Ndiyo maana mabaharia walipima alfajiri na magharibi, katika zile dakika chache ambazo nyota zimetoka na upeo bado unaonekana. Usiku wa manane, pasipo mbalamwezi, bahari na mbingu ni giza moja.

Pili, nyota yenyewe. Mchezoni imesimama kabisa kwenye ncha ya mbingu. Lakini mwaka 1942 ilikuwa mbali na ncha hiyo kwa karibu nyuzi 1, ikiizunguka usiku kucha. Nahodha asiyesahihisha kwa majedwali aliweza kukosea hadi maili 60 za baharini, yaani kilomita 111. Tena nyota ikiwa chini hivyo, hewa huupinda mwanga wake, na ukungu wa bahari huimeza.

Wazee wa bahari yetu waliyajua haya mapema. Katika karne ya 15 nyota hiyo ilikuwa mbali na ncha kwa takriban nyuzi 3 na nusu. Rubani Ahmad ibn Majid wa Julfar alipima kwa vidole, kidole kimoja kikiwa kama nyuzi 1.6. Nyota ya kaskazini ikishuka mno, alihamia kwenye Farkadani, zile nyota mbili jirani yake, na baadaye kwenye nyota nyingine. Kiswahili cha majahazini kina ushahidi wake: kaskazini ni jaa na kusini ni suheli, na yote mawili ni majina ya nyota.

Hata hapa Guangzhou habari hizi ni za kale. Zhu Yu, ambaye baba yake alikuwa ofisa mjini hapa, aliandika mwaka 1119 jinsi marubani walivyofuata nyota usiku na jua mchana, na mbingu ikifunga wakategemea dira. Hapa jaa iko juu kama nyuzi 23, kiongozi mzuri kabisa. Malindi, nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, huioni. Anayetoka huku kwenda kwetu lazima abadilishe nyota njiani.

Mtauliza, mbona nashupalia mchezo wa vijana? Ni kwa sababu ya mahali alipokuwa. Ule mlango wa bahari Waingereza waliuita kwa latitudo yake, Mlango wa Nyuzi Moja na Nusu. Upana wake ni kama maili 50 tu kati ya visiwa na miamba, kwa hiyo kosa la nyuzi moja linatosha kukupandisha mwambani. Na kwa kuwa njia ni nyembamba, adui anajua pa kukusubiri.

Tarehe 12 Februari 1944, siku chache baada ya kutoka Kilindini kuelekea Colombo, meli Khedive Ismail ilipigwa karibu na hapo na nyambizi ya Kijapani I-27. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Ndani yake kulikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu watu 1,000, pamoja na wanamaji na wauguzi. Walikufa watu 1,297, wakaokoka 214. Manowari za Kiingereza ziliizamisha I-27 siku hiyo hiyo.

Kijana alinyamaza. Kisha akaniuliza, "Mjomba, mbona shuleni hatukuambiwa?" Swali hilo sikuwa na jibu lake. Nilimwambia tu kwamba Nairobi, kwenye makaburi ya vita, upo mnara wenye majina ya askari wetu wasio na kaburi, na wa meli ile wamo.

Mchezo unaweza kurekebishwa nyota zake kwa siku moja, kwani hesabu zipo. Yetu ndiyo kazi kubwa. Mwenye mzee wa pwani anayezijua nyota za majahazi, au mwenye babu aliyepotea na meli ile, tafadhali aandike kabla hatujasahau.