Injini Moja, Sheria Mbili: Historia Iliyo Chini ya Boneti ya Tabo za Sweden

Septemba 1977, kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt, kampuni ya Saab ilionyesha gari lake jipya, 99 Turbo. Tabo yenyewe haikuwa ngeni. BMW walishaiuza kwenye 2002 Turbo, na Porsche kwenye 911, lakini hayo yalikuwa magari ya wapenda mbio. Saab walifunga tabo ya Garrett kwenye injini ya silinda nne ya cc 1985, wakapata nguvu farasi 145, na gari likabaki lile lile la kupeleka watoto shule na kubebea mizigo ya wikiendi.

Magari ya ukoo huo bado yanatembea, na yanawaumiza mafundi kichwa kwa swali moja: hili linatumia mfumo gani wa kupuliza mafuta, na lilipotoka kiwandani lilikuwa na vifaa gani vya kusafisha moshi? Wengi hukimbilia kuuliza mwaka. Mwaka hautoshi. Muhimu zaidi ni kujua gari liliuzwa nchi gani kwa mara ya kwanza.

Tuanze na mafuta. 99 Turbo ilitumia K-Jetronic ya Bosch, mfumo ulioingia sokoni mwaka 1973. Upimaji wake hauna kompyuta. Hewa inayovutwa na injini inainua sahani ya duara. Mkono wa sahani unasukuma pini ndani ya kisambaza mafuta. Pini ikipanda, petroli inapita nyingi zaidi, na nozeli zinapuliza mfululizo mradi injini inazunguka. Ukifungua boneti huwezi kuukosa: ni kibonge cha chuma kilichochomoza mabomba membamba juu, moja kwa kila silinda, na nozeli hazina waya hata mmoja.

Mtindo huo uliifaa tabo vizuri mno, kwa sababu hewa inapimwa kabla haijaingia kwenye tabo. Shinikizo likipanda, maana yake hewa iliyopita ni nyingi, na sahani imeshainuka. Ubaya ni kwamba mpira ukipasuka popote kati ya sahani na injini, hesabu yote inaharibika: tabo ikisukuma, hewa iliyopimwa inavuja nje; injini ikiwa sailensi, hewa isiyopimwa inaingia. Fundi anayefungua kisambaza mafuta kabla ya kukagua mipira anajitafutia kazi bure.

Kilichobadilisha mambo kilitoka California. Los Angeles ilikuwa ikisongwa na ukungu wa moshi, na tangu 1967 jimbo hilo lilikuwa na bodi yake ya kusimamia hewa. Mwaka 1970 Bunge la Marekani likapitisha sheria kali ya hewa safi, na kufikia modeli za 1975 magari mengi mapya ya huko yalikuwa na masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Masega ya mwanzo yalimalizia kuunguza petroli iliyobaki na monoksidi ya kaboni, basi. Oksidi za nitrojeni zilihitaji masega ya aina nyingine, yanayoshughulikia sumu zote tatu kwa pamoja, nayo hufanya kazi vizuri pale tu hewa na petroli vinapokaa karibu sana na uwiano wa 14.7 kwa 1 kwa uzito. Kipimo hicho hakisetiwi kwa bisibisi kikakaa.

Ili kuulinda uwiano huo, Volvo na Bosch wakaja na sensa ya oksijeni inayofungwa kwenye ekzosi. Magari ya kwanza yaliyoibeba yaliuzwa California kama modeli za 1977, na kwenye grili yaliwekwa beji ya Lambda Sond, yaani jina la sensa hiyo. Ni nadra kuona kampuni ikijivunia kifaa cha moshi kiasi cha kukitundika mbele ya gari.

K-Jetronic isiyo na kompyuta ilipataje kuisikiliza sensa? Iliongezewa kiboksi cha umeme na valvu ndogo inayofunguka na kufunga haraka haraka, ikirekebisha shinikizo ndani ya kisambaza mafuta. Injini ikishapata moto, ishike valvu hiyo: inatetema mkononi na kuvuma kama nyuki kwenye kopo. Ukiikuta, gari hilo liliundwa kwa ajili ya soko lenye sheria kali.

Volvo walirahisisha zaidi kwa kuweka tofauti hiyo kwenye jina la injini. Volvo 240 Turbo ya Ulaya ilikuwa na B21ET, yenye nguvu farasi 155. Ya Marekani ilikuwa B21FT, yenye masega na sensa, nguvu farasi 127. Si masega peke yake yaliyokula farasi hao. Injini ya Marekani ilisetiwa kwa upole zaidi. Magari ya Marekani yana pia kibandiko chini ya boneti, kinachotakiwa na sheria, kinachoeleza ukubwa wa injini, vipimo vya kuitengeneza na vifaa vya moshi. Kisome, lakini kilinganishe na vifaa vyenyewe. Kama kimebandikwa kwenye boneti, na boneti ilibadilishwa baada ya ajali, kitakusimulia habari za gari jingine.

Saab nao hawakukaa kimya. Kuanzia modeli za 1982 walileta APC, mfumo ulioongozwa na mhandisi Per Gillbrand. Sensa iliyofungwa kwenye bloku inasikiliza injini ikigonga. Ikisikia, kiboksi kinapunguza shinikizo la tabo. Gari likaweza kunywa petroli hafifu bila kutoboa pistoni. Kisha mwaka 1984 ikaja 900 Turbo yenye valvu 16 na nguvu farasi 175, ikitumia LH-Jetronic. Hapo nozeli zina soketi za umeme, na hewa inapimwa na waya mwembamba wa platinamu unaopashwa moto ndani ya bomba. Zima injini iliyokwisha kuzunguka vizuri, chungulia: sekunde chache baadaye waya unawaka mwekundu kuunguza uchafu ulioganda, kisha unazimika.

Lakini tabo ya valvu nane haikuondoka mara moja. Kwa miaka kadhaa iliuzwa sambamba na ya valvu 16, bado na K-Jetronic yake. Ndiyo maana mwaka pekee unapotosha. Sweden yenyewe, nyumbani kwa Lambda Sond, ililazimisha masega kuanzia modeli za 1989 tu.

Kwetu Afrika Mashariki kuna tabaka jingine la kuchimbua. Risasi huua masega, na petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa hapa kwa miaka mingi. Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 ndio uliokubaliana kuiondoa kusini mwa Sahara kufikia mwisho wa 2005. Gari lenye masega lililoletwa kabla ya hapo lilinyweshwa sumu kila lilipojazwa tanki, na masega yaliyoziba yaliishia kukatwa. Kwa hiyo, ukikuta bomba tupu usihitimishe kwamba gari ni la Ulaya. Tafuta kwenye ekzosi, karibu na tabo, kama kuna bolti iliyoziba tundu la nyuzi za milimita 18, kisha ufuate nyaya mpaka mahali palipokaa ile valvu inayovuma. Kama soketi yake bado ipo, mfumo unaweza kurudishwa, na sensa mpya itaingia kwenye tundu lile lile.