Isiyo na Ligi au Isiyo ya Ligi?

Kila Januari, Kombe la FA la Uingereza linapofika raundi ya tatu na vigogo wa Ligi Kuu wakaingia mashindanoni, watangazaji wetu hukutana na neno la Kiingereza non-league. Nimelisikia likitafsiriwa kwa namna tatu: timu isiyo na ligi, timu ya mchangani na timu ya ridhaa. Zote tatu zinampotosha msikilizaji, tena kila moja kwa njia yake.

Aliyewahi kwenda kutazama mechi ya namna hiyo huiona kasoro mara moja. Jumamosi moja nilipanda treni London Bridge nikashuka East Dulwich, kusini mwa jiji. Kutoka stesheni hadi uwanja wa Champion Hill ni mwendo mfupi wa miguu. Njia inayoingia uwanjani inaitwa Edgar Kail Way, kwa heshima ya mshambuliaji wa Dulwich Hamlet aliyeichezea timu ya taifa ya England mara tatu mwaka 1929, akiwa mchezaji wa ridhaa. Nililipa kiingilio mlangoni, nikasimama nyuma ya goli kwenye bomba la uzio. Kipa alikuwa karibu kiasi kwamba nilimsikia akiwaita mabeki wake kwa majina, mmoja mmoja, kila kona ilipopigwa. Kando yangu watu walikuwa na bia mkononi. Sheria ya Uingereza inakataza kunywa pombe mahali unapoweza kuuona mchezo katika ngazi tano za juu. Huku chini katazo hilo halifiki.

Kipenga cha mapumziko kilipolia, mashabiki wenye skafu za waridi na buluu walikunja mabango yao, wakauzunguka uwanja hadi goli la pili, ili kipindi cha pili wawe nyuma ya lango ambalo timu yao inalishambulia. Huwezi kufanya hivyo kwenye Ligi Kuu, ambako kila mtu ana kiti chenye namba na wageni wametengewa jukwaa lao.

Sasa tujiulize: je, timu ile haina ligi? Inayo, na ya siku nyingi. Dulwich Hamlet ilianzishwa mwaka 1893, na mwaka 1907 ikajiunga na Ligi ya Isthmian, iliyoanza mwaka 1905. Ina ratiba, pointi na msimamo, hupanda na kushuka. Mwaka 2018 ilipanda hadi ngazi ya sita, na mwaka 2023 ikashuka kurudi ya saba. Kuiita timu isiyo na ligi ni sawa na kumwita mwanafunzi wa shule ya kata mtoto asiyesoma.

Kiini cha jambo ni historia. Mwaka 1888 klabu 12 ziliunda Football League, ligi ya kwanza ya soka duniani. Kwa kuwa ilikuwa peke yake, Waingereza walizoea kuiita Ligi, basi. Ligi nyingine zilipozaliwa, klabu zao zilitajwa kwa kile ambacho si chao: hawa si wa Ligi. Jina likabaki. Tottenham Hotspur ilipotwaa Kombe la FA mwaka 1901 ilikuwa klabu ya Southern League, na mpaka leo ndiyo klabu pekee isiyo ya Ligi iliyolibeba kombe hilo tangu Ligi ianzishwe.

Kwa miaka mingi mpaka huo ulikuwa ukuta kweli. Klabu za mkiani mwa Ligi hazikushuka moja kwa moja. Ziliomba kura za wenzao ili zibaki, na klabu ya nje iliingia kwa kura hizo hizo. Hereford United iliitoa Newcastle kwa 2-1 katika Kombe la FA Februari 1972, na miezi michache baadaye ikapigiwa kura kuingia Ligi. Ni mwaka 1987 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa haki ya uwanjani: Scarborough ilipanda kwa ubingwa, Lincoln City ikashuka. Leo klabu 20 za Ligi Kuu na 72 za madaraja matatu yanayofuata hufanya 92. Kuanzia ngazi ya tano, iitwayo National League, kwenda chini, ndiko linakoanzia neno letu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliko tunavyodhani. Tofauti kati ya isiyo na na isiyo ya ni herufi moja, lakini maana zinaachana kabisa. Isiyo na ligi ni timu iliyokosa ligi. Isiyo ya Ligi ni timu ambayo si mali ya Ligi fulani inayojulikana. Hiyo ya, ambayo wanasarufi huiita a-unganifu, hubeba umiliki na uanachama, na uanachama ndio hasa uliobishaniwa tangu 1888.

Neno mchangani tuliache kwenye maana yake nzuri: soka la mtaa, ndondo, vijana wanaogombea mbuzi Jumapili jioni. Mashinani ya Wakenya nayo ina kazi yake, ya kulea vipaji. Ridhaa humhusu mchezaji asiyelipwa, ilhali klabu nyingi za ngazi ya tano zina wachezaji wa kulipwa wanaofanya mazoezi kila siku. Wrexham ilikuwa humo kwa miaka 15 kabla ya kurudi Ligi mwaka 2023.

Kuna mtego mwingine. Chama cha soka cha England huhesabu upya hatua za piramidi ya ligi kuanzia chini ya zile klabu 92. Hatua ya kwanza ni ngazi ya tano. Hatua ya tatu, waliko Dulwich, ni ngazi ya saba. Mtafsiri akiandika daraja la tatu, msomaji atadhani ni timu ya League One, ambayo ndiyo ngazi ya tatu kutoka juu. Afadhali tutumie neno ngazi, tukihesabu kutoka juu kabisa.

Pendekezo langu ni hili. Kwenye maandishi tuandike klabu isiyo ya Ligi, kwa herufi kubwa. Redioni, ambako herufi kubwa haisikiki, mtangazaji ataje ngazi: klabu ya ngazi ya tano, ya saba, ya tisa. Msikilizaji atajua papo hapo mlima uliopandwa ni mrefu kiasi gani. Wale mashabiki wanaouzunguka uwanja wakati wa mapumziko wana ligi yao na wanaipenda. Tusiwanyang'anye kwa kukosea herufi moja.