Analojia si uzee

Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia mwishoni mwa 2012, neno hilo liliingia mtaani likabadilika tabia. Leo ukichelewa kuelewa jambo, vijana watakwambia, "Wewe bado uko analojia." Yaani umepitwa na wakati.

Muulize fundi wa viyoyozi vya maghorofa. Kwake analojia ni kazi ya kila siku. Kihisi cha joto kinachopima nyuzi 0 hadi 50 hutuma mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Joto likipanda, mkondo nao hupanda kwa uwiano uleule. Miliampia 12, katikati kabisa, ni nyuzi 25. Lakini moduli inayopokea haijui hayo mpaka iambiwe. Fundi akikosea akaiwekea 0 hadi 100, itasoma nyuzi 50, mtambo utafungua vali ya maji baridi hadi mwisho, na ofisi nzima itavaa masweta.

Kwa nini kipimo kianzie 4, si 0? Ili waya ukikatika, sifuri ijulikane kuwa ni hitilafu, isidhaniwe kuwa ni baridi.

Hapo ndipo asili ya neno inapojitokeza. Analogos ya Kigiriki ni kitu kinacholingana na kingine kwa uwiano. Umri haumo. Basi ukiitwa analojia, jibu kwa utulivu: "Naam, nakwenda sambamba na hali halisi."