Chandarua cha Dukani

Mtu wa mbali ukimtajia Ifakara, atakujibu mchele au atakujibu maabara. Mchele ameula. Maabara ameisikia kwa sifa: kwamba mwaka 1949 Mswisi wa Basel, Profesa Rudolf Geigy, alifika huku Bonde la Kilombero akaanza kuchunguza papasi na homa wanayoieneza, na kwamba kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Taasisi ya Afya Ifakara. Sina ugomvi na historia hiyo. Ila mimi nilizunguka vijijini kwa baiskeli, daftari mgongoni, na ninayoijua ni historia ya akina mama na pesa zao.

Mwaka 1996 kituo cha utafiti cha Ifakara kilianza kuandikisha kaya katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Sisi wadodosaji tulirudi kwenye nyumba zilezile kila baada ya miezi minne na maswali yaleyale: nani kazaliwa, nani kahama, nani mjamzito, nani hayupo tena. Hilo la mwisho huliulizi ukiwa umesimama mlangoni. Unakaribishwa mkekani, mnaulizana habari za mvua na mpunga, ndipo unafungua daftari. Bibi mmoja alinisuta kwamba kila nikija nahesabu tu, sileti kitu.

Kilipoletwa kitu, kililetwa dukani. Mradi wa vyandarua wa KINET uliamua kwamba chandarua chenye dawa kiuzwe, si kugawiwa. Kilipewa jina la biashara, Zuia Mbu, na pakiti ya dawa ya kuchovya ikapewa jina hilohilo. Mjamzito na mama mwenye mtoto mdogo walipewa hati punguzo kliniki, waende nayo dukani wapunguziwe bei.

Kabla ya kuuza, watafiti wa mambo ya jamii walikaa na wazazi kuwasikiliza. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofanyika pale, ingawa haina takwimu za kutangazia. Kwamba homa ya malaria hutokana na mbu, watu walikuwa wanajua. Degedege lilikuwa jambo jingine kabisa. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, wengi waliona mkono wa shetani, na sindano waliiogopa kwa kuamini kwamba ingemmaliza. Alifukizwa kwanza, mahali pengine kwa kinyesi cha tembo. Zahanati ilifuata baadaye, kama muda ulibaki. Kwa hiyo ukimwambia mama huyo kwamba chandarua kinakinga malaria, hujagusa kile kinachomkosesha usingizi. Ilibidi aelezwe kwamba malaria kali huweza kumletea mtoto degedege.

Halafu kuna kalenda ya mpunga, ambayo haikuandikwa Basel. Mvua zikianza, familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi kadhaa, huko bondeni kwenye maji, na watoto hulala katika vibanda vya nyasi. Nilikuta nyumba nyingi zimefungwa. Chandarua kama kilikuwa kimoja, kilisafiri pamoja na masufuria. Na pesa? Pesa ya mkulima wa huku huonekana baada ya mavuno, wakati mbu hujaa mvua zikinyesha, mfuko ukiwa mtupu.

Hata hivyo walinunua. Mwaka 2001 Joanna Schellenberg na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa katika vijiji vyetu walikuwa chini ya asilimia 10 mwanzoni. Baada ya miaka mitatu walipita asilimia 50. Kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua hicho kilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Ukizichukua wilaya mbili zote, waliolala ndani ya chandarua mwaka 1999 walikuwa asilimia 18 tu ya walio chini ya miaka mitano, na makadirio yakawa kwamba kifo kimoja katika kila vifo ishirini vya watoto kilizuiwa. Mwaka huohuo wa 2001 Salim Abdulla na wenzake walionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka miwili waliokuwa na vyandarua hivyo hawakupungukiwa damu kama wengine.

Tulikuwa pia tukiuliza nani ana redio, nani ana baiskeli, nyumba ya nani ina bati. Wengine walidhani tunatafuta wa kutozwa kodi, wakaificha baiskeli uani. Majibu hayo yalionyesha kwamba hata mahali ambapo mgeni angesema wote ni maskini, mtoto wa mwenye nafuu kidogo hutibiwa vizuri kuliko wa jirani yake. Hapo ndipo hoja ya kuuza iliponishinda kuitetea.

Hati Punguzo ilianza kuwa mpango wa taifa mwaka 2004, nayo bado ilimtaka mama aongeze kiasi chake mwenyewe. Niliwaona waliokuwa nayo wameikunja vizuri ndani ya kadi ya kliniki, muda wa kujifungua umekaribia, na dukani hawajafika kwa kukosa nyongeza. Miaka michache baadaye serikali ilianza kugawa vyandarua bure. Wenye maduka walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, maana wao ndio waliovipeleka mpaka vijiji ambavyo gari halikufika.