Kaburi Tupu la Namirembe

Mwezi wa Februari 1977, kando ya kaburi la Askofu James Hannington katika viwanja vya Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, lilichimbwa kaburi jipya. Lilikuwa la Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Lakini serikali ya Idi Amin ilikataa kuutoa mwili, ikaupeleka chini ya ulinzi wa askari mpaka kijijini kwao Mucwini, kaskazini mwa nchi, ukazikwa huko. Ibada ya kumbukumbu ilipigwa marufuku. Hata hivyo, Jumapili tarehe 20 Februari, maelfu ya waumini walipanda kilima cha Namirembe. Walijua kwamba kuonekana mahali pale kungeweza kuwagharimu. Wakalizunguka kaburi lisilo na mtu, wakaimba nyimbo za ufufuo.

Tunaporudia habari hii katika makanisa yetu, mara nyingi tunaanzia mwisho. Tunasimulia risasi, tunasimulia kaburi, kisha tunasema, "Yule alikuwa shujaa, sisi je?" Hapo tunakuwa tumejitoa katika hesabu. Ni vema tuanze mwanzo, maana ushuhuda wa Luwum haukuzaliwa siku ile aliposimama mbele ya bunduki.

Alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Waacholi, wilaya ya Kitgum. Utotoni alichunga mifugo, na baadaye akawa mwalimu. Mwezi wa Januari 1948 aliokoka kupitia uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wengi wetu tumelelewa na wazee wa uamsho huo, na tunaijua desturi yao. Walikuwa wakikutana, kila mmoja anasimama na kueleza mbele ya wenzake pale alipoanguka, bila kuficha jina la dhambi. Waliita jambo hilo kutembea nuruni. Aliyeiba alisema ameiba na kurudisha mali. Aliyemchukia jirani alimwendea akapatana naye.

Tukitafakari, shule ya ujasiri wa Luwum ilikuwa pale. Mtu aliyezoea kuitaja dhambi yake kwa jina lake hawezi kuzoea upesi kuiita mauaji "ajali" au "mambo ya usalama". Tena anapomwonya mwingine, hamwonyi kwa kiburi, kwa sababu naye amekwisha kusimama mahali pa mkosaji.

Luwum aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini mwaka 1969. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Jenerali Amin alitwaa madaraka kwa mapinduzi. Ni lazima tukiri kwamba watu wengi walishangilia, na Wakristo walikuwamo. Lakini muda si mrefu askari wa Kiacholi na Kilango walianza kuuawa kambini, na wajane wao walikuwa kondoo wa dayosisi ya Luwum. Mwaka 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani mchana kweupe, na hakurudi tena nyumbani.

Mwaka 1974 Luwum akawa Askofu Mkuu. Hakuanza kwa kupiga kelele. Alimwombea Rais, akaonana naye, na mara kwa mara alikwenda mwenyewe katika ofisi za usalama zilizoogopwa na watu wote, kuuliza habari za waliopotea na kuwaombea wafunguliwe. Wapo waliomlaumu kwamba yu karibu mno na serikali. Lakini tujiulize: mama ambaye mwanawe amechukuliwa usiku, angemtuma nani aende kumuulizia? Luwum aliutumia mlango uliokuwa wazi kwa muda wote ulipokuwa wazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 mlango huo ulifungwa. Askari waliingia nyumbani kwake Namirembe, wakamwelekezea bunduki tumboni, wakaipekua nyumba wakidai kwamba amefichwa humo silaha. Hawakupata kitu. Nyumba ya Askofu wa Bukedi nayo ilipekuliwa.

Maaskofu wakakutana, wakaandika barua kwa Rais. Barua ile inastahili kukumbukwa na sisi, kwa kuwa inatufundisha namna ya kusema. Haikuwa karatasi isiyo na jina iliyotupwa njiani usiku. Haikuwa uvumi wa vibarazani. Ilielekezwa kwa mhusika mwenyewe, ikatiwa sahihi na maaskofu kwa pamoja, na nakala zake zikapelekwa kwa viongozi wengine ili pasiwe na siri. Lugha yake ilikuwa ya heshima, lakini haikuzunguka. Ilisema kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa Askofu Mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo. Ililalamikia mauaji, na watu kuchukuliwa wasijulikane walipo. Ndivyo nabii Nathani alivyofanya: aliingia ndani kwa Daudi, hakumsengenya nje ya jumba lake.

Tarehe 16 Februari maaskofu na viongozi wengine wa dini waliitwa Nile Mansions, hoteli ya serikali mjini Kampala. Walisimamishwa juani kwa saa nyingi mbele ya askari waliokusanywa na silaha zilizopangwa uwanjani. Yakasomwa maelezo ya kumhusisha Askofu Mkuu na njama ya kuipindua serikali. Luwum alitikisa kichwa kukana. Askari walipoulizwa wafanyweje watu hao, walipaza sauti kwamba wauawe. Kisha maaskofu wakaambiwa waende zao, isipokuwa Luwum, kwamba Rais anataka kuzungumza naye. Kabla ya kuchukuliwa aliwaambia wenzake kwamba anauona mkono wa Bwana katika jambo lile. Askofu Festo Kivengere alimsubiri nje mpaka alipofukuzwa kwa bunduki.

Kesho yake ilitangazwa kwamba Luwum amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Lakini waliolifungua jeneza kule Mucwini waliona matundu ya risasi.

Askofu Festo na mkewe Mera walikimbia usiku, wakavuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Mwaka uleule alitoa kitabu ambacho jina lake liliwakwaza wengi: Nampenda Idi Amin. Hakuandika hivyo kwa sababu amesahau. Alieleza kwamba alikuta chuki ikimla moyoni, na Bwana akamwonyesha kwamba chuki ile nayo ni dhambi ya kutubiwa. Huko uhamishoni aliendelea kuyasema maovu ya utawala ule mbele ya mataifa, naye huku akiwa amemsamehe mtawala. Mambo hayo mawili sisi huyatenganisha. Mwenye kusamehe kwetu hunyamaza, na mwenye kusema huchukia.

Amin aliondolewa Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yalipoingia Kampala. Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda. Ni jambo jema. Lakini heshima hizo zilikuja baadaye. Wale walioimba kando ya kaburi tupu hawakujua kwamba Amin ataondoka, wala kwamba siku moja nchi itafunga ofisi kwa ajili ya kumbukumbu ya mtu wao. Walijua jambo moja tu, kwamba kaburi tupu si habari ngeni kwa Mkristo.

Sasa turudi kwetu. Wengi wetu hatutaitwa mbele ya jenerali. Tutaitwa mbele ya mwajiri anayetaka tutie sahihi hesabu za uongo. Tutaitwa kwenye kikao cha ukoo ambapo mjane ananyang'anywa shamba, na sisi tumo, tena tumefungua kikao kwa sala. Tutaitwa kwenye baraza la wazee wa kanisa, mahali ambapo fedha za sadaka hazionekani na kila mtu anajua, ila kila mtu anatazama chini. Hapo ndipo tunaposema, "Mambo hayo tumwachie Mungu." Mara nyingine maneno hayo ni imani. Mara nyingine ni woga uliovaa kanzu ya imani, na anayejua tofauti ni sisi wenyewe na Mungu wetu.

Tusingoje siku kubwa ndipo tuwe mashahidi. Katika lugha yetu shahidi ni aliyefia imani yake, na shahidi pia ni yule aliyeona jambo akakubali kusimama na kulisema. Luwum alikuwa wa namna ya pili kwa miaka mingi kabla hajawa wa namna ya kwanza. Basi wiki hii, kama liko jambo tuliloliona tukalinyamazia, tumwendee mhusika, kwa adabu, kwa majina yetu, na ikiwezekana twende na ndugu. Kabla ya kwenda, tutubu la kwetu. Bwana aliyewaimbisha watu wa Namirembe atupe kinywa na atulindie moyo usichukie.