Mkanda wa Spangler

Mashine za mwanzo za kufyonza vumbi kwa injini hazikuweza kujaza nyumba harufu ya kuungua, kwani zenyewe hazikuingia ndani. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alipakia injini na pampu juu ya gari la kuvutwa na farasi, akaliegesha barabarani mjini London, kisha mipira mirefu ikapitishwa madirishani hadi kwenye mazulia. Mwaka uliofuata alisafisha hivyo mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Moshi wa injini ulibaki nje.

Harufu ninayoletewa mimi, fundi wa mashine hizi, kibandani hapa Mombasa asili yake ni Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1907 James Murray Spangler alikuwa akifanya usafi katika duka kubwa mjini humo, na alikuwa na pumu. Kila akifagia, vumbi lilimrudia kifuani. Akachukua mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya kunasia taka, akajiundia mashine ya kusukuma kwa mkono. Mbele yake akaweka brashi ya kuzunguka, ikiendeshwa na mota ile ile kwa mkanda. Namheshimu sana mtu huyu. Zulia haliachii mchanga kwa kuvutwa na upepo tu, sharti lisuguliwe, na aliyelijua hilo ni mfagiaji mwenyewe. Mwaka 1908 alipata hataza, akaiuza kwa William Henry Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi na vifaa vya farasi, wakati magari ya mota yameanza kumwondolea wateja. Spangler alifariki mwaka 1915, na mashine zikaenea duniani kwa jina la Hoover.

Mkanda huo bado tunao. Unazunguka kati ya shafti ya mota na brashi, na brashi ikikwama, mota haisimami. Shafti inaendelea kusugua mpira pale pale ulipo, mpira unalainika, unatoa moshi, halafu unakatika. Ndiyo maana mteja akisema, “Fundi, mashine yanuka kuungua,” naichomoa kwenye umeme, naigeuza, na kuizungusha brashi kwa kidole kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Ya karibuni ilitoka msikitini. Aliyeileta, mzee mtunzaji, alikuwa na huzuni kwelikweli, maana mashine ile ilikuwa sadaka ya waumini. Brashi haikusogea hata kidogo. Matamvua ya mazulia yalikuwa yamejisokota kwenye ncha zote mbili, yamekaza mpaka yameng’aa kama kamba ya nazi iliyolowa. Nilipasua kwa wembe, nikachomoa nyuzi moja moja kutoka kwenye beringi, nikavuta mkanda: upande mmoja ulikuwa mweusi, umeliwa kufikia nusu ya unene wake. Nikamwambia, “Mzee, mota yako ni nzima. Huu mkanda umekufa ukiitetea.” Tukanunua mwingine.

Zipo mashine zisizo na mkanda kabisa. Mwaka 1921 kampuni ya Electrolux ya Sweden ilitoa aina iliyoitwa Model V, bomba linalolala sakafuni juu ya vitelezo na kuvutwa kwa mpira wake. Haikuwa na brashi ya kuzungushwa. Mashine nyingi za umbo hilo zikinuka, hakuna mkanda wa kusingizia. Natazama mfuko na kichujio. Katika nyingi kati ya hizo upepo unaofyonza vumbi ndio huo huo unaopooza mota. Mfuko ukijaa, au soksi ya mtoto ikiziba bomba, mota hukosa pumzi ikizidi kwenda kasi. Hapo harufu huwa ya vumbi la moto, na mashine nyingi hujizima zenyewe mpaka zipoe. Wengi huziwasha tena bila kufungua mfuko, jambo linaloniumiza, kwani mota huharibiwa na kurudia huko.

Harufu ninayoiogopa ni kali, ya kuchoma pua: vanishi ya waya wa koili. Ikifika hapo, nyaya za shaba zimeanza kugusana zikiwa tupu. Namwambia mwenyewe papo hapo kuwa kusuka mota ndogo kama hiyo huenda kukazidi bei ya mashine, na namwachia aamue.