Yaliyoingia ni Maji Gani? Chati ya Muuguzi na Vinywaji vya Marikiti

Chati ya maji ya mgonjwa aliyelazwa ina safu mbili: yaliyoingia na yaliyotoka. Muuguzi huandika mililita, hujumlisha baada ya saa 24, na tofauti inayopatikana ndiyo inayoongoza tiba. Hesabu hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba kwa mgonjwa wa Kisiwa cha Mombasa haitoshi, kwa sababu haisemi yaliyoingia yalikuwa maji gani.

Chukua eneo la Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914 pembeni mwa Mji wa Kale. Humo na katika vichochoro vya jirani watu hunywa madafu, juisi ya miwa, ukwaju, na maji ya mitungi ya lita 20 yanayosukumwa kwa mkokoteni. Lita moja ya kila kimoja huandikwa sawasawa kwenye chati, lakini ndani ya damu kila kimoja hufanya kazi yake.

Dafu ndilo kimbilio la wengi mtu anapoharisha, na wana hoja: maji yake ni safi mpaka linapofunguliwa, na mgonjwa anayekataa kila kitu hulikubali. Lakini mgonjwa mzima wa kipindupindu hupoteza zaidi ya milimoli 100 za sodiamu katika kila lita ya choo, na dafu lina sodiamu kidogo mno. Lina potasiamu kwa wingi, mara mbili au zaidi ya ile ya ORS, mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Anayetegemea madafu peke yake hurudishiwa maji bila chumvi aliyoipoteza. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa, potasiamu hiyohiyo huweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuusimamisha. Hapo muuguzi aliyeandika “mililita 600” bila kuandika “madafu” ameficha hatari bila kukusudia.

Suala la visima ni zito zaidi, na ninaona halijapewa uzito wake katika mafunzo yetu. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, sehemu yake chemchemi za Mzima, na yanapokatika watu hurudi visimani. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi kwa kuwa bahari imeingia ardhini, na vyoo viko karibu. Mama hushauriwa achemshe, naye huchemsha. Vimelea hufa, chumvi haipungui, bali hukolea kidogo kadiri mvuke unavyotoka.

Sasa tazama hesabu ya kukoroga ORS kwa maji hayo. Lita moja ya ORS ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Sodiamu yake jumla ni milimoli 75. Kipimo hicho kilichaguliwa kwa makusudi: mwaka 2002 WHO na UNICEF waliachana na mchanganyiko wa zamani wa milimoli 90, kwa sababu ule mpya ulipunguza kuharisha kwa watoto na haja ya dripu. Pakiti hiyo ikikorogwa kwa maji yenye gramu 2 za chumvi kwa lita, sodiamu hupanda hadi takriban milimoli 109. Mtoto hupewa kinywaji chenye chumvi zaidi kuliko hata kile kilichoachwa, na kiu yake humfanya anywe zaidi.

Dripu nayo haiepuki swali hilo. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa kutoka Kilifi na kuchapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Waliomiminiwa maji ya haraka mshipani walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Watoto wa kuharisha hawakuhusishwa, na hapo ndipo penye fundisho kwa muuguzi wa mapokezi. Aliyekauka kwa kuharisha anahitaji maji upesi. Mwenye homa kali na mikono baridi huweza kudhurika nayo. Anayewatofautisha kwanza ni muuguzi huyo, kwa kuuliza na kutazama.

Itasemwa kwamba wauguzi wamelemewa, na ni kweli. Lakini ninachopendekeza ni neno moja kando ya kila kiasi: dafu, kisima, bomba, uji, ORS. Na swali moja mapokezini: “Mama, tangu jana mtoto amekunywa nini, na ORS mliikoroga kwa maji ya wapi?” Jibu likiwa ni kisima cha chumvi, mama asirudishwe nyumbani na pakiti peke yake, aonyeshwe maji ya kuikorogea, na kama nyumbani hayapo, apewe ORS iliyokwisha kukorogwa wodini, kwa kipimo, ya kutosha mpaka kesho.